Siku niliyopigishwa Sanchin mpaka nikalia

2011 nilikuwa na mkanda wa kijani wa karate, mtindo wa Goju-ryu, dojo letu, yani sehemu ya mazoezi, ni ukumbi wa shule moja hapa Dar, tunasogeza madawati pembeni kila Jumanne na Alhamisi jioni. Mi toka mdogo nina hasira za karibu. Mzee ndo alinipeleka karate baada ya kuitwa shuleni mara ya tatu, mama akamwambia mtoto anapiga watu bila kufundishwa, we unampeleka akafundishwe ili iweje? Na mi niliamini hivohivo, kwamba naenda kujifunza kupiga.

Siku hiyo kwenye kumite, pambano la mazoezi la wawili wawili, nikapangwa na dogo mmoja wa mkanda wa njano, mwembamba, nikamchukulia poa. Akanichapa moja ya pua, damu. Wenzangu wakaguna. Kilichoniuma si pua, ni ule mguno. Sensei, mwalimu wetu, kashasema yame, yani acheni, nimesikia kabisa, sitadanganya, na bado nikarusha ngumi kwa nguvu zote ikampata dogo mdomoni, akakaa chini.

Kimya. Nikajua leo nafukuzwa. Sensei hakufoka, akampa dogo maji asukutue, halafu akanigeukia: "Njoo mbele. Sanchin."

Watu wa Goju wanaijua, ni kata, yani mfululizo wa miondoko iliyopangwa unaopiga peke yako, ya hatua chache tu, unatembea taratibu miguu imeng'ang'ania sakafu, mwili wote umekaza, pumzi inatoka kwa sauti toka tumboni. Maana yake vita vitatu, na sisi tulifundishwa ni mwili, pumzi na akili. Sensei anazunguka nyuma ananipiga makofi mabegani, mapajani, anaangalia kama nimekaza. Nikimaliza anasema tena. Ya nne akaniwekea kiganja tumboni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umebana pumzi. Umeibana toka ulipopigwa pua."

Yani ile kauli ilinipata kuliko ngumi, maana nikakumbuka ugomvi wangu wote, wa shuleni, wa mtaani, kila mara kifua kinajaa kwanza, pumzi inasimama, halafu mkono unaenda wenyewe, na mi miaka yote najua hasira inaanzia kwenye maneno ya watu. Hata Gekisai, kata ya kwanza tuliyofundishwa, ile Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu, aliyoitunga Okinawa mwaka 1940, inaanza na kuzuia, jodan uke, kinga ya juu, ngumi inakuja baadae. Nimeipiga mamia ya mara sijawahi kuliona hilo.

Ya sita au ya saba machozi yakaanza, sio ya maumivu, yalitoka tu pamoja na pumzi. Hakuna aliyecheka.

Baada ya darasa nikamfata dogo, mdomo umevimba, nikamwambia nisamehe, nilisikia yame. Akajibu yameisha kaka, ila macho kaangusha chini, na hapo ndo niliumia kweli.

Alhamisi Sensei akatupanga tena sisi wawili. Dogo akarusha ileile, ikanipata kifuani, nikahisi kifua kinajaa kama kawaida, nikaisukuma pumzi nje, haaaa, mpaka ikaisha. Ngumi yangu ikatoka, ikasimama kidole kimoja toka puani kwake. Alikuwa kafumba macho anasubiri. Akafumbua moja kwanza, akaiangalia ile ngumi, halafu la pili.