Anayempiga Mkewe Hahitaji Darasa la Hasira

Katika vikao vingi vya usuluhishi wa ndoa hapa Dodoma, mjini hata vijijini Chamwino, hutangulia kauli moja: mume ana hasira za karibu. Wazee huisema kwa nia njema, mchungaji huiafiki, na mke mwenyewe, jicho likiwa bado limevimba, huirudia. Basi mume huagizwa ajifunze kujizuia, na mke huagizwa asimchokoze. Naipinga tiba hiyo kwa moyo wangu wote.

Mafunzo ya kudhibiti hasira yana kazi yake. Yanamfaa mtu anayelipuka popote alipo, akagombana na kondakta, jirani na mfanyakazi mwenzake; hufundishwa kutambua dalili za mwili wake, kutulia na kuondoka kabla hajasema neno. Kwa kawaida huchukua wiki chache, wala hakuna anayemtafuta mkewe kumuuliza hali ya nyumbani.

Mwanamume ninayemzungumzia hapa ni mwingine. Akifokewa na mkuu wake wa kazi hunyamaza, na akisimamishwa na trafiki hujibu, "Ndiyo, afande." Akifika nyumbani hupiga mahali ambapo kitenge kitafunika. Tena, siku ambazo hapigi, hukagua simu ya mkewe, huchukua fedha za biashara yake ya karanga, humkataza kwenda kwa mama yake, na yote hayo huyafanya akiwa ametulia kabisa. Mtu anayechagua wa kumpiga, mahali pa kupiga na wakati wa kupiga hajashindwa kujizuia, anatawala.

Programu za kuwashughulikia wanaume wa namna hii huanzia hapo. Ile inayojulikana zaidi iliasisiwa mjini Duluth, Minnesota, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mchoro wake wa gurudumu la mamlaka na udhibiti, unaoonyesha mbinu ambazo mume hutumia kumtawala mkewe, ulitokana na simulizi za wanawake waliopigwa. Mume hatakiwi kueleza alivyokasirika, bali alitaka mkewe afanye nini kwa kumpiga, na ni imani gani iliyomwambia kwamba ana haki hiyo. Mke hakalishwi naye darasani, kwa sababu atakayoyasema pale anaweza kuyalipia usiku. Wasimamizi huwasiliana naye kando kuhusu usalama wake, na mume akiitoroka programu, mahakama hupewa taarifa. Katika jimbo la California, aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani akaachiwa chini ya uangalizi hutakiwa kuhudhuria kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Tafiti kuhusu mafanikio ya programu hizi zimetoa majibu yanayotofautiana, na kwa hiyo haifai usalama wa mwanamke utegemee cheti cha mumewe.

Kwetu, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Sheria hiyohiyo, isipokuwa katika mazingira maalumu, hutaka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka, na ndiyo maana maneno ya wajumbe wa baraza yana uzito mkubwa. Ninawaomba wajumbe hao wamsikilize mke akiwa peke yake, kabla mume hajaingia, na wamuulize kwanza kama ana mahali salama pa kulala usiku huo.