Mbwa Wawili na Kazi Waliyozaliwa Nayo

Asubuhi moja nilikuta matuta mawili ya sukuma wiki yamepinduliwa, udongo mwekundu umetapakaa hadi kibarazani, na Pilipili, mbwa wetu wa aina ya Jack Russell, amesimama shimoni na fuko aliyekufa mdomoni. Mama mkwe alitaka aadhibiwe. Mimi nilimfuta pua nikapanda sukuma upya, kwa kuwa sikuona kosa lake. Jack Russell ni wa jamii ya teria, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, na aina hii ilianzishwa na kasisi Mwingereza John Russell, ambaye mwaka 1819, angali mwanafunzi Oxford, alinunua mbwa jike aliyeitwa Trump, kisha akazalisha mbwa wadogo wa kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo lake. Mnyama wa kilo 6 anayethubutu hayo hawezi kumwacha fuko apite chini ya bustani yetu ya Lang'ata.

Mwenzake, Kijivu, ni mbwa wa ng'ombe wa Australia, zawadi ya shemeji anayefanya kazi katika ranchi huko Laikipia. Katika karne ya 19, mfugaji Thomas Hall wa New South Wales alipandisha mbwa wa wachungaji kutoka Uingereza na dingo, mbwa mwitu wa Australia, ili apate mbwa wa kustahimili joto na safari ndefu, anayeswaga ng'ombe kwa kuwauma visigino kisha akalala chini ili teke lipite juu yake. Vilebu wao huzaliwa weupe. Rangi huja baadaye.

Kwetu hakuna ng'ombe, kwa hiyo Kijivu alichunga watoto. Kila walipokimbia aliwazunguka kwa nyuma na kuwabana uani, na siku moja akamuuma binti yangu kisigino, bila hasira, lakini soksi ilitoboka. Nilishauriwa nimfungie kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku tu, kama wanavyoishi mbwa wengi sana wa Nairobi. Nilikataa, na ninaendelea kuwasihi majirani wakatae, maana mbwa wa namna hii akikosa kazi hujitafutia yake, hata ikiwa ni kubweka hadi alfajiri. Sasa tunamtembeza tangu saa kumi na mbili asubuhi, na jioni binti yangu huficha mpira, naye Kijivu hulala chini akisubiri neno la kuutafuta. Pilipili ana kona yake ya mchanga ya kuchimba.

Mbwa hawa huishi miaka mingi. Bluey, mbwa wa ng'ombe aliyekufa Australia mwaka 1939, alifikisha miaka 29 na miezi 5, ingawa wengi huishi miaka 12 hadi 15. Muda wote huo kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, na kuna kupe, ambao tunawatafuta kila jioni masikioni mwao na katikati ya vidole.

Wakati wa ukame, wafugaji walipoleta mifugo mjini kutafuta majani, tulikutana na kundi kando ya barabara. Kijivu aliinamisha kichwa, akashusha mgongo, akanyata hadi kamba ikanikaza mkononi. Mzee wa Kimaasai aliyekuwa akichunga aliegemea fimbo yake, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama," akaniuliza, "huyu unauza?"