Sketi kumi na mbili na pua moja iliyoziba

Saa kumi alfajiri. Kadogo hajalia, ni pua yake iliyoniamsha. Inakwaruza kama cherehani iliyokauka mafuta. Ana miezi 4, na leo ni siku ya tatu ya mafua. Nampa titi, anavuta mara tatu, anaachia, anapanua mdomo kutafuta hewa, kisha anachemka kwa hasira. Ana haki. Mtoto mdogo hivi hutegemea sana pua kupumua, na akishika titi mdomo una kazi nyingine.

Muuguzi wa kliniki alinifunza: pua kwanza, titi baadaye. Namlaza chali, tone la maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu, nangoja. Anapiga chafya, kamasi linachungulia, nalipangusa na kitambaa laini. Kisha namkalisha wima, amepanda paja langu kama mwendesha bodaboda, kifua kwa kifua. Ananyonya dakika nne bila kuachia. Nimekaa kimya hata kumeza mate naogopa.

Saa moja. Nakuru mwezi wa nane, baridi inauma masikio. Matatu kutoka Kaptembwo, Kadogo mgongoni, leso mbili juu.

Saa tatu, kibandani. Nina sketi 12 za shule, malinda kote, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Rafiki yangu ameajiriwa ofisini, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Mimi mwajiri wangu ni mimi, na mahali pangu ni nyuma ya pazia la bitana iliyobaki. Pasi ya makaa nimempa jirani anipigie kwake. Moshi wake na pua hii havipatani.

Nashona malinda mawili, naitwa. Nashona malinda matatu, naitwa. Siku nyingine hunyonya akashiba akalala. Leo anadonoa kama kuku, kidogo kidogo, kila saa. Mara anaachia ghafla, maziwa yanaruka na kutua kwenye sketi ya kijani. Nimeiweka kando, niifue kabla mwenyewe hajaiona.

Saa sita. Shosho wa ndizi amepita kumjulia hali.

"Mlambishe asali, mwanangu. Sisi tuliwalea hivyo."

"Shosho, asali mpaka atimize mwaka. Kliniki walisema inaweza kuwa na vijidudu vya sumu kwa mtoto mchanga."

"Basi maji ya vuguvugu?"

"Maji nayo mpaka miezi 6. Yamo kwenye maziwa."

Hakukubali, lakini ameniachia ndizi mbili. Nami nimeanza kupiga chafya. Si mbaya sana: kinga ambayo mwili wangu unatengeneza dhidi ya mafua haya anaipata humo humo kwenye maziwa.

Saa tisa. Amegoma. Titi limejaa, gumu kama jiwe. Nanawa mikono, nakamua kwenye kikombe nilichokichemsha asubuhi, nampa ukingoni, analamba kama paka. Akitulia namfunua kifua na kuhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu: 44. Kwa umri wake zikifika 50, au chini ya mbavu pakibonyea akivuta pumzi, au akikataa titi na kikombe vyote viwili, naacha cherehani ikiwa na uzi ndani, nashika bodaboda hadi hospitali. Leo bado tuko chini. Nahesabu tena lakini. 43.

Saa kumi na mbili. Mteja amekuja, zimeiva 9. Amenuna. Nimemwonyesha Kadogo, akanuna kidogo tu, akasema atarudi kesho saa nne, "na isiwe saa tano, fundi."

Saa nne usiku. Sketi ya kijani imefuliwa, imeanikwa juu ya kiti, doa limetoka. Kitandani cherehani ndogo imeanza tena kukwaruza. Napapasa gizani nitafute chupa ya matone.