Siku moja maishani mwangu: kumtafuta mtoto ndani ya irabu

Saa 1 asubuhi. Niko Mae Sot, mji wa Thailand ulio mpakani na Myanmar. Ng'ambo ya mto Moei bado ni saa 12 na nusu, kwa kuwa saa ya Myanmar iko nyuma nusu saa. Nakula mohinga, tambi za mchuzi wa samaki, nashushia chai ya maziwa, kisha nafungua kompyuta. Kazi yangu ni kusafisha orodha ya majina ya watoto wa wahamiaji wanaosoma hapa.

Saa 2. Mama mmoja amefika kabla ya kwenda kibaruani. Mwanawe alikwishaandikishwa, ila leo jina halionekani. Waburma hawana jina la ukoo. Jina la mtoto likipotea, huna jingine la kumtafutia.

"Maung Lay," Sayama ananiita, yaani mdogo wangu. Sayama ni mwalimu wa kike. "Nimetafuta mara tatu. Nimwandikishe upya?"

"Subiri kidogo, Sayama. Tukimwandikisha upya ataanza darasa la kwanza."

Saa 3. Jina linaanza na နေ, "ne", maana yake jua kwa Kiburma. Mdomo hutamka n, kisha e. Mkono huanza na e: alama ေ inakaa kushoto kwa န. Unicode, mpango wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, hufuata mdomo: inahifadhi U+1014 (န) halafu U+1031 (ေ), na fonti ndiyo inayoivuta irabu mbele. Zawgyi, fonti iliyotawala simu za Myanmar kwa miaka, hufuata jicho: irabu kwanza. Ukisoma kila moja kwa fonti yake, huoni tofauti yoyote. Kompyuta inaona maneno mawili.

Hata Mswahili anayajua haya. Andika ng'ombe kwa kistari cha juu kilichonyooka ('), kisha umtafute kwa kile kilichopinda (’): hayupo.

Laiti ingekuwa mpangilio peke yake! Toleo la 5.1 la Unicode, la mwaka 2008, liliipa asat, alama inayozima irabu ya konsonanti, namba U+103A. Kwenye Zawgyi namba hiyo ni ya alama ya "ya", na asat iko U+1039. Ndiyo maana ujumbe wa mtu ulifika kwa mwenzake umevurugika. Tarehe 1 Oktoba 2019 Myanmar ilianza rasmi kuhamia Unicode, lakini orodha kuukuu hazihami zenyewe, na yetu ina mchanganyiko.

Zipo programu za kukisia maandishi ni ya aina gani kwa kupima herufi zipi hufuatana. Aya ndefu huzipa ushahidi wa kutosha. Jina la silabi mbili halizipi kitu, tena maneno mengine mafupi huandikwa sawasawa kwa njia zote mbili. Kwa hiyo majina nayapitia moja moja, kwa macho. Mtoto wa mtu hakisiwi.

Saa 7, wali wa haraka.

Saa 8. Duara. Herufi "wa" ni ဝ, U+101D. Sifuri ni ၀, U+1040. Wengi hubonyeza iliyo karibu. Ukizibadilisha zote kwa mpigo, unaharibu tarehe za kuzaliwa. Nimeweka sharti: duara lililobeba irabu au asat ni herufi, lililozungukwa na tarakimu liachwe. Yanayobaki namsomea Sayama, naye anaamua. Sikio lake limenisahihisha mara nyingi leo.

Saa 10 na nusu. Natafuta tena, safari hii 1031 ikitangulia 1014. Majina manne. La tatu lina jina la mama yule pembeni yake.

Saa 12 jioni mama anarudi, vumbi la kazini likiwa bado mikononi. Sayama anamsomea jina kwa sauti, taratibu, na mama anaitikia kabla halijaisha. Kesho mtoto anaingia darasa la tatu.