Kitufe cha A kimekufa, Caps Lock ichukue kazi

Laptop yangu ya mtumba, ya Linux, kitufe cha A kimezima, nashuku ni huu unyevu wa chumvi wa Likoni, na Kiswahili bila A wallahi huandiki hata "mama". Xmodmap, amri ya kubadilisha kazi za vitufe, ilikubali Caps Lock iwe A, lakini ukichomeka kibodi ya USB mara nyingi mipangilio inapotea, na ukiingia na Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha desktopu, ule wa zamani ni X11) ndo kabisaa programu haziisikizi xmodmap. Angalia kwanza uko na upi, andika kwa terminal echo $XDG_SESSION_TYPE.

Dawa ni keyd, programu ya kupanga vitufe upya, yenyewe hudaka vitufe kabla desktopu haijaviona, so X11 ama Wayland kwake sawa tu. Kwa faili ya /etc/keyd/default.conf weka [ids] na nyota * chini yake (watu huisahau hii, wakaanza kulaumu Linux), kisha [main], halafu capslock = a. Malizia sudo keyd reload. Ikigoma, sudo keyd monitor itakuonyesha jina la kila kitufe unachobonyeza.