Kutoa upepo kwenye breki za Cessna: mafuta yaanzie chini

Pedali ikizama mara ya kwanza, kisha ukiipampu ikapanda na kukaza, kuna upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Ikikaza halafu ikashuka polepole huku mguu umetulia palepale, achana na upepo: oringi, ile pete ya mpira inayozuia mafuta, ndani ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye pedali) imechoka. Wapo wanaotoa upepo mara mbili tatu ndipo wakubali.

Kwenye Cessna 206, aina inayoonekana sana Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, masta silinda zimefungwa kwenye pedali za rubani na kalipa, zile zinazobana diski, ziko chini kwenye magurudumu. Ukifuata mtindo wa gari, mmoja akanyage mwingine afungue nati, unaulazimisha upepo ushuke wakati wenyewe unapanda. Sukuma mafuta kutoka kwenye kalipa, yatokee juu.

Mafuta ni MIL-PRF-5606, yale mekundu ya haidroliki ya ndege. DOT 3 na DOT 4, mafuta ya breki za magari, zimejaa maduka ya spea ya Unga Limited mjini Arusha, na bei yake inashawishi. Usithubutu. Oringi za breki hizi huvimba zikikutana nayo, pistoni ikakwama, breki ikabana au ikavuja. Ikishaingia, ni kufungua mfumo mzima, kuosha na kubadilisha oringi zote.

Achia handibreki na mtu asiguse pedali. Kile kitundu kati ya silinda na tangi lake dogo huwa wazi pale tu pedali imeachiwa kabisa. Pedali ikiwa imebonyea kidogo utapampu hadi jioni. Juu, toa kifuniko, chomeka mpira unaoonyesha ndani, ncha yake nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta hayohayo. Chini, chukua pampu ya mafuta yenye mpira wake, pampu kwanza hadi mafuta yatokeze kwenye ncha ya mpira huo ndipo uuvalishe kwenye nati ya kutolea upepo, la sivyo upepo unauingiza mwenyewe. Legeza nati kidogo, pampu taratibu bila kusita. Chupani yatatoka mapovu makubwa, kisha madogo kama ya soda, kisha mafuta matupu. Endelea kidogo, funga nati ukiwa bado unasukuma.

Usijaze tangi hadi mdomoni. Mafuta yakipata joto hutanuka, na yakikosa nafasi breki hushika zenyewe. Kifuniko nacho kina kitundu cha kupumulia, na kwa vumbi la viwanja vya porini huziba haraka, matokeo yakawa yaleyale. Kioshe, kizibue kwa waya mwembamba.

Futa mafuta yote kwenye diski. Pedi iliyolowa haiaminiki tena, na iliyobaki chini ya milimita 2.5 ibadilishwe. Kanyaga: pedali ikaze mara ya kwanza. Iachie, inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Lizunguke bila kushikwa. Pedali ikilegea tena baada ya siku chache, usirudie kutoa upepo. Tafuta unyevu mwekundu kwenye pistoni za kalipa, kwenye maungio ya mabomba na chini ya pedali.