Kutoka Njiapanda ya Himo hadi Njiro, Nikisoma Milango ya Malori

Njiapanda ya Himo ndipo malori yaliyovuka mpaka wa Holili yanapokutana na yale yanayotoka Same na Mwanga. Nilishuka hapo asubuhi na mapema kwa makusudi. Mlangoni mwa lori huandikwa jina la mwenye mali, anakotoka na uzito wa gari, na mimi nilitaka kujua kama katika njia hii bado kuna mlango hata mmoja wenye majina ya kampuni za umma za malori niliyoyasikia nikiwa mdogo.

Sikuuona. Foleni ilikuwa ya Scania, Howo na FAW, vichwa vya semitrela vya watu binafsi, vingi vipya. Madereva walizungumzia mzani tu. Kikomo ni tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na ekseli moja yenye matairi pacha haitakiwi kuzidi tani 10. Nilipowatajia Zambia-Tanzania Road Services, vijana walitazamana. Mmoja mtu mzima kidogo akaniambia, "Kaka, hayo kamuulize mzee mmoja pale Pasua, Moshi. Ana gereji. Ameendesha Fiat hizo."

Nikapanda gari la Moshi.

Mzee nilimkuta amekaa kwenye ringi la tairi, anamwelekeza kijana namna ya kufungua difu, gia za kwenye ekseli ya nyuma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa wapi na mtoto wa nani, ndipo akakubali mazungumzo. Nyuma ya gereji, ukutani, umeegemezwa mlango wa Fiat 682. Rangi imebabuka, na ukiinama ukautazama kwa pembeni unaona mikwaruzo ya herufi: Z, kisha sehemu ya T, basi. Kitasa kimelika mahali dole gumba linapokaa. Nilikigusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Historia yenyewe inajulikana, ila mzee aliieleza kwa mpangilio wa mizigo. Novemba 11, 1965, Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru. Zambia ilikuwa inapitisha mafuta yake na shaba yake huko huko kusini, na njia hiyo ikawa haina uhakika tena. Njia mojawapo iliyobaki ni ya Dar es Salaam, na barabara yake ilikuwa udongo sehemu kubwa. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services kwa ubia wa serikali mbili na Waitaliano, ndiyo maana magari yakawa Fiat na matela yake. Kwenda wanapeleka mafuta na bidhaa, kurudi wanapakia shaba. Wageni waliiita njia ile ya jehanamu.

"Masika ulikuwa unalala njiani mpaka unazoeana na tope," mzee alisema. "Lakini mwanangu, mtu wa kazi alikuwa tingo."

Nikamuuliza kwa nini tingo, yaani msaidizi wa dereva. Akaniletea kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja mwembamba, upande wa pili mnene, kimetobolewa na kutiwa kamba. Kabari. Lori likipanda mlima na mzigo, tingo alitembea nyuma ya gurudumu na kabari yake mkononi. Dereva akikosa gia, gari likaanza kurudi, tingo anaisukumiza chini ya tairi na kuruka pembeni. Kwa upande wa mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, alisema walifanya hivyo mara kwa mara. Upepo wa breki ukipungua, maisha ya wote yako kwenye gogo lile.

Kilichoziua kampuni hizi, wengi wanasema, ni bomba na reli. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Zambia mwaka 1968, na TAZARA ilikabidhiwa 1976. Ni kweli mzigo ulipungua. Mzee hakubali kwamba hiyo inatosha, na baada ya kumsikiliza nami sikubali. Reli haikufika kila mahali, na mazao hayakuacha kuvunwa. Kilichokosekana ni spea. Baada ya vita vya Kagera, ambamo malori mengi ya kiraia yalichukuliwa kwenda mbele, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Gari lilisimama kwa kukosa pampu, la pili likang'olewa vyake ili la tatu litembee, na mwisho yadi nzima iko juu ya mawe. Yaliyokuwa chini ya Shirika la Taifa la Usafirishaji, pamoja na kampuni za uchukuzi za mikoa, kama KAUDO ya Dodoma, yalipita humo humo.

Kisha ikaja bajeti ya 1984. Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mtoto wa Usangi hapa hapa Kilimanjaro, aliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Malori yaliyotumika yakaanza kuingia, na mwenye gari moja akawa na mawili. Madereva waliofundwa na kampuni za umma ndio waliokabidhiwa usukani. Hilo huwa halisemwi tunapowasifu matajiri wa malori.

Mchana nilichukua Coaster ya Arusha. Kabla ya Bomang'ombe, kwenye mteremko wa Kikafu, tukasimamishwa. Mbele yetu lobedi, tela la chini la kubebea mizigo mizito, ilikuwa inashuka na mzigo uliofunikwa turubai, gari la kuongoza likiwa na taa zake mbele na jingine nyuma. Abiria walilalamika. Mimi niliomba kushuka. Transfoma, aliniambia kijana wa lobedi. Matairi yalikuwa mengi kiasi kwamba kila ekseli ilibeba sehemu yake ndogo, na hapo ndipo ilipo elimu ya mizigo mizito: lami haiumizwi na jumla ya uzito peke yake, inaumizwa na kile kinachoshuka kwenye kila ekseli. Pembeni ya magurudumu ya nyuma alitembea mwanamume mwenye koti la kung'aa. Mkononi alikuwa na kabari ya mti, yenye kamba.

Suala hilo la ekseli lina historia katika barabara zetu za kaskazini. Malori ya Kenya yaliingilia Namanga kwenda Zambia, yakiwemo ya Kenatco, kampuni ya usafirishaji ya taifa lao. Katikati ya miaka ya 70 Tanzania iliyazuia yale mazito kwa hoja kwamba yanaharibu barabara, na Februari 1977 mpaka wote ukafungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya marais wa Tanzania, Kenya na Uganda kukutana Arusha. Kenatco iliingia mikononi mwa wafilisi miaka hiyo ya 80, na Wakenya wengi wa leo wanaijua kama kampuni ya teksi.

KIA, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, vyote vilipita dirishani. Arusha nilikwenda moja kwa moja upande wa Njiro, ilipo General Tyre. Kiwanda hicho kilianza kutoa matairi mwaka 1971 na kilinyamaza mwishoni mwa miaka ya 2000. Mzee mmoja aliyefanya kazi humo alinisimulia nje ya geti kwamba zama za uhaba, tairi la lori halikununuliwa kwa pesa tu. Ulikuja na barua ya mgao, na mwenye barua alibembelezwa. Nilimuuliza kama aliwahi kuuza mgao wake. Akasema hapana, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa hivyo mara nyingi.

Jioni nilimpigia yule mzee wa Pasua. Ana daftari la safari zake, limeandikwa tarehe, mzigo na mahali alipolala, na ameniruhusu kulinakili lote. Amenipa pia majina ya wenzake wawili walioko Mbeya, mmoja macho yamekwisha lakini kumbukumbu ipo. Basi la Mbeya nimeshalikatia tiketi.